Chuma cha kukunjia mkono kisichoumiza kifundo: kipi ununue kwanza, Unguja na Pemba

Siku ya Mazoezi ya Januari 1 ikishapita, watu wengi huku kwetu hupata hamu ya kuweka chuma nyumbani. Wengi hurudi na kile kirefu kilichonyooka pamoja na visahani vichache, na haupiti muda kifundo cha mkono kinauma hata kukamua tui ni tabu. Mara nyingi uzito haukuwa mkubwa. Chuma ndicho kilichomlazimisha mtu kushika namna ambayo mkono wake haukuumbwa kushika. Kwa hiyo nimevipanga vifaa hivi kwa swali moja kwanza: kinauacha mkono ujigeuze? Bei na sura vinafuata nyuma.

Baisepsi, ule msuli wa mbele ya mkono juu ya kiwiko, ina kazi mbili. Inakunja kiwiko, na inakigeuza kigasha mpaka kiganja kitazame juu. Chini yake umelala msuli mwingine, brakialisi, ambao kazi yake ni kukunja kiwiko tu, kiganja kitazame kokote. Upande wa dole gumba, juu ya kigasha, kuna wa tatu unaosaidia. Ukibadilisha mshiko, mzigo unahama kutoka msuli mmoja kwenda mwingine, wala hupotezi zoezi.

Sasa simama, nyoosha mikono, viganja vitazame mbele. Utaona kigasha hakishuki wima kutoka begani, kinakwenda nje kidogo, na kwa wanawake pindo hilo kwa kawaida ni kubwa zaidi. Chuma kilichonyooka kinaifunga mikono yote miwili kwenye mstari mmoja, viganja juu kabisa, na pembe ambayo kiwiko kimeshindwa kuitoa inatolewa na kifundo.

Namba moja kwangu ni jozi ya dambeli za kufungua, zile zenye fimbo fupi, nyuzi kwenye ncha na nati kubwa ya nyota. Kila mkono unafuata njia yake. Unaanza viganja vikitazamana, unageuza taratibu huku unapandisha, na ukifika juu kidole cha mwisho kimeelekea begani. Baisepsi imefanya kazi zake zote mbili na kifundo hakikulazimishwa kitu. Siku kifundo kikianza kulalamika, acha kugeuza. Kunja kama unavyoshika nyundo, mwanzo mpaka mwisho. Chuma ni kilekile. Zipo pia dambeli za kuzungusha kitufe uzito ukabadilika, na ni ghali. Mimi siwashauri watu wa visiwani wazinunue. Hewa yetu ina chumvi, meno ya ndani yanashika kutu mahali usipopaona, na kisahani kikichomoka mkono ukiwa juu kinakuangukia mguuni. Nati ya nyota unaiona kwa macho, unaisugua kwa mswaki mkavu, unaitia tone la mafuta ya cherehani, basi.

La pili ni chuma kifupi chenye mapindo, ambacho wauzaji wanakiita EZ. Mapindo yale yanaviweka viganja katikati, si juu kabisa wala si vya kutazamana, na kwa watu wengi maumivu ya kifundo hupungua hapohapo. Baisepsi inapoteza sehemu ya ile kazi ya kugeuza, lakini kwa mikono miwili pamoja unaongeza uzito kwa urahisi zaidi. Kina sehemu mbili za kushika, ya ndani na ya nje. Zijaribu zote dukani kabla hujatoa pesa, maana upana wa mabega hutofautiana. Na kipime chenyewe bila visahani. Vingi viko kati ya kilo 5 na 10, na tofauti hiyo si ndogo kwa anayeanza.

Mpira wa mazoezi nauweka wa tatu, na kwa aliyeko Wete au Chake Chake pengine ningeupandisha, kwa sababu kila kilo ya chuma lazima ivushwe bahari, na mpira unaingia mfukoni. Unakuwa mwepesi mkono ukiwa umenyooka, mzito ukishakunja. Chagua wenye vishikio vilivyoshonewa kwenye utepe unaocheza, viufuate mkono. Uvute dukani kwenye mwanga uangalie nyufa ndogo, na nyumbani usiuache juani wala usiushike na mafuta ya nazi mikononi. Mafuta yanaula mpira.

La nne litakushangaza: dumu la mafuta ya kula la lita 5. Likijaa maji lina kilo 5 na kidogo, likijaa mchanga mkavu linafika karibu kilo 8. Kishikio kiko juu na mzigo unaning'inia chini yake, kwa hiyo kifundo hakipindwi huku wala huku. Linafaa mshiko wa viganja kutazamana peke yake, na kishikio chake chembamba kinakata vidole, basi kizungushie kitambaa. Dada anayefanya mazoezi yake chumbani, aanze na hili kabla hajanunua chochote.

Vyuma vya zege, vile vya makopo mawili ya saruji na bomba katikati, navithamini kwa sababu vimewalea vijana wengi. Ila zege ni jepesi kama mara tatu kuliko chuma, kwa hiyo kwa uzito uleule kopo linakuwa kubwa, linagonga paja na kumfanya mtu apinde kifundo alikwepe. Makopo mawili pia ni nadra kulingana uzito. Chuma kilichonyooka ni cha mwisho. Wapo ambao kinawakubali, na kama wewe ni mmoja wao hongera. Usikinunue kabla hujakijaribu kwa mtu au jimu.

Ukienda Darajani, Mwanakwerekwe au kwa wanaouza mizigo iliyotumika ya kontena, soma herufi kwenye kisahani. Kilichoandikwa 10 LB ni kilo 4.5, si kilo 10, na wauzaji wengine hawalijui hilo. Matundu nayo hayalingani: visahani vya kawaida vina tundu la milimita 25 hadi 30, vile vikubwa vya mashindano vina 50. Kama una fimbo yako nyumbani, ichukue uende nayo. Pitisha kidole sehemu ya kushikia. Kutu ya juujuu inatoka kwa brashi, lakini nikeli inayobanduka magamba itakuchana kiganja, na hiyo iache hata wakikupunguzia. Unene wa kushikia wa milimita 25 hadi 30 unawafaa wengi. Ukizidi, vidole vinachoka kabla ya baisepsi.

Kifaa kizuri nacho kitakuumiza ukikishika vibaya. Kilaze sehemu ya chini ya kiganja, karibu na shina la dole gumba, kisiende kwenye vidole. Kikikaa vidoleni kinakivuta kifundo kinyumenyume, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Dole gumba likizunguke chuma. Viwiko vikae ubavuni, na mgongo wa kiganja uwe mstari mmoja na kigasha kuanzia chini mpaka juu; mwenzako akutazame kwa upande, kwa sababu mwenyewe hutaona. Watu wengi hupinda kifundo ndani wanapofika juu, wakidhani wanabana zaidi. Kinachobanwa ni kigasha.

Uzito wa kuanzia ni ule unaoweza kuukunja mara 12 bila kifundo kuhama mahali pake. Kikihama mara ya 8, punguza kisahani. Bandeji za kifundo usizinunue sasa, zinaficha kosa la mshiko. Na ukihisi ganzi kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, usiendelee kubadilisha vyuma. Pumzisha mkono uende hospitali, Mnazi Mmoja au ya karibu nawe, umweleze daktari na kazi unayofanya, kwa sababu mchumaji karafuu na mchukuzi wa bandarini wanafika kwenye zoezi mkono ukiwa umeshachoka.