Darasa la jioni la fizikia, wiki nne: uzoefu wangu

Mimi ni fundi simu Kariakoo, na fizikia niliiachia kidato cha nne. Nililipa shilingi 40,000 kwa sababu moja tu: nilitaka kuelewa ile habari ya Einstein kwamba saa iliyo kwenye mwendo huenda polepole. Video nimeangalia nyingi. Naitikia kichwa, kesho yake nashindwa kumweleza hata mwenzangu wa meza ya jirani.

Mwalimu hakuanza na kanuni. Aliuliza nani kavuka na pantoni, kile kivuko cha Kigamboni, wiki ile. Ukiwa ndani ukarusha chungwa juu, unaliona likipanda na kushuka palepale mkononi. Aliyesimama ufukweni Magogoni analiona likienda mshazari, maana pantoni inasogea kuelekea Kigamboni. Hapo hakuna ugomvi: kwa wa ufukweni, chungwa limebeba na kasi ya pantoni. Kisha akaliondoa chungwa, akaweka mwale wa mwanga unaopanda kugonga kioo darini. Mwanga hauongezewi kasi na chombo. Kila anayeupima anapata kama kilomita 300,000 kwa sekunde. Juu ya msingi huo Einstein aliijenga nadharia yake mwaka 1905.

Akachora pembetatu ya 3, 4, 5. Tuseme pantoni inakwenda kwa asilimia 60 ya kasi ya mwanga. Kwa abiria, mwale umepanda vipimo 4, kila kimoja ni umbali ambao mwanga huenda kwa sekunde moja. Kwa wa Magogoni, pantoni imesogea 3, na mwale umepita mshazari wa 5. Njia imerefuka, kasi ni ileile, basi muda ndio umerefuka: sekunde 4 za abiria ni sekunde 5 za ufukweni. Pythagoras yuleyule wa sekondari! Niliinakili ile pembetatu nyuma ya risiti ya vioo vya simu, na bado ninayo.

Lililoniudhi ni haraka. Abiria naye, kwa haki ileile, anaona saa ya Magogoni ndiyo inayochelewa. Hilo ndilo linalosumbua kuliko yote, na lilipewa dakika tano. Ilibidi nimfuate mwalimu nje ndipo nikaelewa: maadamu pantoni inakwenda moja kwa moja, hakuna wa kudai yeye ndiye aliyesimama. Anayegeuza ili arudi ndiye atakayekuta saa yake imebaki nyuma.

Noti za somo wanazouza kwa shilingi 5,000 nazo zina kosa. Kwenye kanuni ya saa kuchelewa, ndani ya kipeuo cha pili unatakiwa uchukue 1 utoe mraba wa kasi (kasi ikiwa sehemu ya kasi ya mwanga); wao wameweka kujumlisha badala ya kutoa. Nilijaribu na 0.6 nikapata 1.17 badala ya 0.8, yaani abiria angezeeka haraka kuliko aliyebaki. Nimewaambia, hawajarekebisha.

Wiki ya mwisho ilinigusa kikazi. Saa za satelaiti za GPS, zinazoiambia simu iko wapi, hupoteza maikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 7 hivi kwa siku kwa sababu ya mwendo, na huongeza 45 kwa kuwa huko juu mvutano wa dunia ni hafifu. Zisiporekebishwa, ramani ya simu ingepotea kwa kilomita kadhaa kila siku.

Kundi jipya linaanza Jumatatu. Nimemlipia mdogo wangu wa kidato cha sita. Noti nimemwambia asinunue, nitampa zangu nilizosahihisha kwa kalamu.