Malighafi za taa za mapambo: tumia pua kabla ya macho

Malalamiko ya wasomaji yamefanana mno siku hizi. Mtu kanunua kibuyu kizuri, katoboa matundu yake ya maua, kafunga balbu, na kabla ya taarifa ya habari kwisha sebule nzima inanuka karakana ya seremala. Mama mmoja ana mtoto mwenye pumu. Alitaka taa ya vitu vya asili kwa ajili ya mtoto huyo, na sasa anaogopa kuiwasha. Kibuyu hakina kosa. Kosa ni kile kilichopakwa juu yake.

Kwa hiyo habari za umbo na ukubwa sitazigusa, macho mnayo. Nataka muulize swali moja ambalo hakuna anayeliuliza kibandani: hiki kimepakwa nini? Vanishi, rangi ya kupuliza, dawa ya wadudu, mafuta ya mashine. Vikiwa rafuni havisumbui sana. Vikipata joto la balbu ndipo vinaanza kutoa harufu yake.

Katika malighafi za taa hizi, pa kwanza nakipa kifuu, na sibabaiki. Kitafute kwa wauza nazi wanaokuna kwa mashine sokoni. Wengi wanakitupa, au wanakuuzia kwa hela ya chai. Kimetoka kwenye nazi mbele ya macho yako, hakijapitia mkono wa fundi yeyote. Chukua cha nazi iliyokomaa, cheusi na kizito. Cha koroma ni laini, drili ikiingia kinapasuka. Kwangua nyama yote, hata ile ngozi nyembamba ya kahawia, maana ikibaki itaota ukungu. Kisha piga msasa namba 120, halafu 240, umalizie na 400, huku umevaa barakoa kwa sababu vumbi lake ni jembamba sana. Ukifika 400 kifuu kinaanza kung'aa chenyewe, na mishipa yake ya kahawia inajitokeza.

Ukitaka kukipaka kitu, paka nta ya nyuki. Mimi nanunua ya Tabora, ikiwa bado na harufu ya asali. Msipake mafuta ya nazi, tafadhali. Mafuta ya nazi hayakauki; yanakaa juu, yanakusanya vumbi, na baadaye yanachacha.

Pa pili ni ukili, ule mkanda wa majani ya mkindu wa kushonea mikeka. Unauzwa kwa pima, umeshasukwa, wewe unashona tu kuzunguka fremu. Chagua usiotiwa rangi. Huo wa zambarau na kijani kibichi unavutia, lakini chukua kitambaa cheupe chenye maji usugue mara mbili: rangi ikihamia kitambaani, urudishe. Muuzaji akikunyima ruhusa ya kusugua, jibu umeshalipata.

Kibuyu nakiweka cha tatu, na ni kwa sababu ya wauzaji. Kibuyu kikavu kisichopakwa kitu ningekiweka sawa na kifuu. Lakini vibuyu vingi vya maduka ya zawadi vimeshapigwa vanishi ili ving'ae machoni pa watalii, na ukiuliza unaambiwa, “Asili tupu, mama.” Kwaruza sehemu ya chini kwa ukucha. Nta itajikunja na kuganda chini ya ukucha. Vanishi itabanduka vipande vya kung'aa kama magamba ya samaki, au haitabanduka kabisa. Nunua kibichi kwa mkulima ukikaushe, au kikavu ambacho bado kina madoa ya ukungu kwenye ganda. Madoa hayo yanaonyesha hakijapakwa kitu, na yanatoka kwa maji na steliwaya. Kukwangua ndani, kilowanishe kwanza. Vumbi la kibuyu linakaba kifua.

Katani ni ya nne. Ile taa ya duara ya kuzungusha uzi kwenye puto inapendeza, na uji mzito wa unga wa muhogo unatosha kuwa gundi. Shida ni kamba yenyewe. Kamba za kufungia marobota ya nyasi hutiwa mafuta kiwandani, na nyingi huongezwa dawa ya kufukuza panya na wadudu. Inusa: ikinuka mafuta ya taa, iache. Omba singa tupu zisizosokotwa, usokote mwenyewe.

Mianzi ni ya mwisho, kwa sababu ya bungua, wadudu wanaotoboa fimbo kutoka ndani. Ukiona unga mweupe chini ya fimbo, wamo ndani. Ukiona hakuna hata tundu moja, uliza ilitiwa dawa gani.

Vile vya bei rahisi vya plastiki iliyosukwa ikafanana na ukindu, sina la kusema. Havihusiki hapa.

Kwenye balbu mimi ni mtu wa Philips na sioni aibu: LED ya wati 5 au chini, iliyoandikwa 2700K, mwanga wa manjano uliotulia. Zile balbu za zamani za waya zisikaribie kazi hii kabisa. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, na kioo cha balbu ya wati 60 kinapita nyuzi 100. Holda iwe ya kaure, na ukili usiguse balbu.

Sasa bei. Kifuu kile kile kinachotupwa sokoni kinapigwa vanishi, kinatobolewa nyota tatu, halafu mtandaoni kinauzwa kwa hela inayonunua nazi za mwezi mzima, chini yake pameandikwa “haina kemikali”. Mteja akiuliza kimepakwa nini, anajibiwa kwa picha nyingine ya taa. Anayedai hivyo aandike alichopaka, kwa jina, na anayenunua asitume hela mpaka aandikiwe.