Uzoefu wangu: kitabu cha maboyi, bukari ya Kamalondo na filamu moja mjini Lubumbashi

Mwezi uliopita nilisoma kitabu kimoja, nikala nje mara moja na kutazama filamu moja. Kitabu ndicho kilichonichukulia muda, kwa hiyo nitaanza nacho.

Ni maandishi ya André Yav ya mwaka 1965, yanayoitwa «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Jina hilo linapotosha, kwa maana anayetafuta orodha ya maneno haipati: anachokuta ni historia ya mji wetu wa Lubumbashi, Kongo, ambao zamani uliitwa Elisabethville, tangu enzi za Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, na kuja kwa wazungu wa migodi, iliyoandikwa kwa niaba ya watu waliokuwa maboyi, yaani watumishi, katika nyumba za wazungu hao. Imeandikwa kwa Kiswahili chetu cha hapa. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na matini yenyewe yanapatikana bure kwenye intaneti.

Nakiri kwamba jioni ya kwanza nilishindwa. Maneno yameunganishwa mahali yasipopaswa kuunganishwa, yamekatwa mahali yasipopaswa kukatwa, alama za uandishi ni chache, na mimi niliyefundishwa Kiswahili sanifu nilikuwa karibu kumhukumu mwandishi kabla ya kumwelewa. Jioni ya pili mama mkubwa, ambaye baba yake alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja kabla ya uhuru, aliniambia niache kunong'ona, nisome kwa sauti. Nilipofanya hivyo maneno yalijipanga yenyewe. Baadaye niligundua kwamba hata Fabian alipita njia hiyohiyo, kwani matini yalibidi yasomwe kwa sauti na mzaliwa wa lugha ndipo yaandikwe upya. Shuleni hakuna aliyeniambia kwamba kuna maandishi ambayo jicho peke yake haliyawezi.

Tulipofika kwenye habari za mitumbula, wale watu wa usiku waliosemwa kuwakamata Waafrika kwa ajili ya wazungu, nilidhani mama mkubwa angecheka. Alisema tu, «Soma tena pale.» Kwake hiyo haikuwa hekaya, ndiyo sababu watoto wa wakati wake waliitwa ndani jua likizama. Yav naye haelezi kama mtu anayesimulia maajabu, bali huyaweka mambo hayo pamoja na kazi, mshahara na matusi ya bwana. Kasoro ninayoiona ni kwamba anaruka kutoka jambo moja hadi jingine, na majina ya wazungu yanarundikana hadi msomaji wa leo anapotea.

Kuhusu chakula nitasema machache. Tulikula Kamalondo, mtaa mmoja wa hapa mjini, katika malewa (mkahawa mdogo) ambayo sitaitaja kwa sababu tulingoja karibu saa mbili na mhudumu hakuomba radhi. Bukari, yaani ugali wetu, ilikuwa nzuri, ya unga wa mahindi uliochanganywa na muhogo kidogo, laini bila kunata mkononi. Matamba, yaani majani ya muhogo, yalizidi mafuta. Kilichonifanya nisamehe ni kikanda, kile kinachosagwa kutokana na viazi vya mimea ya porini pamoja na karanga na pilipili, kikakatwa vipande kama soseji. Kilikuwa kikali na kikavu kiasi, kama inavyotakiwa, na kiliendana vizuri na munkoyo baridi, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Wengi siku hizi huzidisha karanga ili kupunguza gharama, lakini hawa hawakufanya hivyo.

Filamu ilikuwa «Augure» ya mwongozaji Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2023 na ambayo Ubelgiji iliipeleka kugombea tuzo za Oscar. Koffi anarudi kutoka Ubelgiji pamoja na mchumba wake mjamzito ili kulipa mahari. Damu inamtoka puani na kumdondokea mtoto mchanga, na ukoo mzima unamwona mchawi. Katika ukumbi mdogo tulimokuwa, umeme ulikatika mara moja na jenereta ikachelewa kuwashwa, lakini watu hawakuondoka: walibaki gizani wakibishana kama mama wa Koffi ni mkatili au ni mwoga. Mimi niko upande wa wanaosema ni mwoga. Picha za filamu hiyo ni nzuri mno, hasa wale watoto wa mtaani waliovaa magauni ya waridi, ingawa hadithi imegawanyika kwa watu wanne na yule kijana Paco, kiongozi wa watoto hao, anaachwa kabla hatujamjua vya kutosha.

Nilimsimulia mama mkubwa habari ya ile damu ya puani. Alitaka kujua kwanza mtoto alikuwa wa nani katika ukoo, swali ambalo ukumbini hakuna aliyeliuliza, kisha akaniomba nichukue Yav tuendelee.