Krisanthemamu za chungu: ipi ununue Kampala mvua za Septemba zikianza

Kule Ulaya krisanthemamu ni ua la msimu wa majani kupukutika: usiku ukirefuka, mmea hutoa tumba. Sisi ikweta inatupitia hapa Uganda, pale Kayabwe, usiku wetu una kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mmea huchanua mwezi wowote. Septemba kwetu ni mvua, na mvua huleta magonjwa ya kutu nyeupe na ukungu. Nunua kwa kuangalia hali ya mmea na mahali utakapouweka. Kalenda ya wazungu haikuhusu.

Chaguo langu la kwanza ni chungu chenye tumba nyingi zilizofumba, chache zikiwa zimeanza kuonyesha rangi. Rangi unaijua, na maua bado yako mbele. Kabla ya kuulizia bei, geuza majani. Ukiona vipele vyeupe au vya waridi upande wa chini, hiyo ni kutu nyeupe. Achana nacho hata ukipunguziwa nusu. Kisha hesabu mashina yanayotoka kwenye udongo: vyungu vya biashara mara nyingi hupandwa vipandikizi 4 au 5 pamoja, na maua yakiisha unaweza kuvitenganisha. Vikirefuka kuliko ulivyovinunua usidhani umetapeliwa. Wakulima wengi hutumia dawa ya kudumaza, na nguvu yake huisha.

Cha pili ni mche mdogo kwenye kavera (mfuko wa plastiki), kwa wauza miche wa kando ya barabara ya Entebbe na kwingineko. Ni bei nafuu, na kwa mtu mwenye subira ningeuweka wa kwanza, ila wengi hawana. Shida yake ni kwamba usiku wetu mrefu huulazimisha kuchanua ungali mdogo. Mashamba yanayokuza vipandikizi vya kuuza Ulaya, kama yale ya Mpigi, huwasha taa usiku ili mimea mama isichanue. Wewe tayari una taa ya ulinzi kwenye veranda! Uweke mche karibu nayo, ukate ncha za matawi mara kwa mara ili utawanyike, na ukishajaa uuhamishie penye giza kamili usiku. Maua huja baada ya wiki 7 hadi 10 hivi. Taa hiyo hiyo ndiyo inayowafanya watu walalamike kwamba chungu chao kina majani tu.

Chungu kilichochanua chote nakiweka cha tatu. Kwa kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani) au wageni wa Jumapili ni sawa kabisa, lakini wiki zake bora zimeisha kwa muuzaji. Tena usikipakie boda. Upepo utavunja matawi.

Pakiti za mbegu ziache. Mara nyingi maua yatakayotoka hayafanani na picha.

Chungu chochote utakachochukua, hakikisha kina matundu chini, hata kama ni ndoo kuukuu. Kiweke chini ya ukingo wa paa kinapopata jua la asubuhi bila kunyeshewa, na umwagilie udongo, si majani. Mwenye paka au mbwa akiweke juu wasikofika, maana majani yake huwadhuru wakiyatafuna.