KNBS inasema kazi zipo, mtaa unasema hakuna: nani yuko sawa?

Economic Survey ya 2025, ripoti ya uchumi ya KNBS (shirika la serikali la takwimu), inasema mwaka 2024 Kenya iliongeza kazi 782,300. Poa. Sasa cheki ndani, 703,700 kati ya hizo ni za jua kali (zisizo rasmi), zenye payslip hazifiki hata elfu 80.

Halafu kuna ile asilimia ya wasio na kazi, hii ndo inakasirisha watu. Ukifanya kazi saa moja tu ndani ya wiki, wewe umeajiriwa, yaani ule kijana wa mjengo amebeba kokoto Jumanne halafu siku zingine amekaa base tu, huyo kwao ako na kazi! Na kama umechoka kutafuta, wiki nne hujatuma CV popote, unatolewa kwa hesabu kabisa.

Mtaa nao hukosea, mtu anauza mitumba Gikomba anaingiza hela kushinda karani wa ofisi na bado mamake anaambia watu "huyu hajapata kazi."

Mimi nikiangalia maisha na bei ya unga naamini mtaa, ila ukitaka kulinganisha mwaka na mwaka tumia KNBS, na usiishie kwa headline, angalia kazi zenye mshahara.