Roma hadi Siracusa kwa treni, nikiwa peke yangu

Mimi ni mtu wa Malindi, na ukizaliwa Malindi Mtaliano si mgeni machoni pako. Nimekua nikiwasikia sokoni, nikiwaona kwenye tuktuk wakipatana nauli kwa Kiswahili cha kuungaunga, na nimefanya kazi mapokezi kwenye hoteli ambayo wageni wake wengi ni wao. Kitaliano changu nilikiokota hapo hapo kazini, sikukisomea popote. Ila Mtaliano wa Malindi ni Mtaliano aliye likizoni. Ana kofia, ana pesa, ana haraka ya kufika ufuoni. Mimi nilikuwa na hamu ya miaka mingi ya kumwona kwao, akiwa amechoka, amebeba mzigo wake mwenyewe, anamgombeza mwanawe kwenye simu.

Nikajinyima, nikaweka akiba, nikaenda mwezi wa Oktoba kwa siku 12, peke yangu. Tangu nirudi nimeulizwa sana, hasa na wanawake wenzangu, kama safari ya namna hiyo inawezekana na ni kitu gani nilichokipenda zaidi. Jibu langu kwa yote mawili ni treni moja: ile ya mchana inayotoka Roma Termini hadi Siracusa, kusini mashariki mwa kisiwa cha Sicilia, ambayo ikifika mwisho wa bara inaingizwa ndani ya meli na kuvushwa bahari pamoja na abiria wake. Naipa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja iliyopungua nitaieleza.

Ya viza nayapitia haraka. Ada ya viza ya Schengen, inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90, bima ya safari isipungue euro 30,000, na waonyeshe akaunti yako ya benki inayopumua, si iliyojazwa wiki iliyopita. Tiketi ya treni nilikata mtandaoni wiki tano kabla, haikufika euro 50, na ilikuja na namba ya kiti. Kama unachotaka ni kufika tu, panda ndege hadi Catania, ni zaidi kidogo ya saa moja. Treni ilinichukua zaidi ya saa 10. Na ukiipanda, tafuta dirisha la upande wa kulia ukielekea kusini, kwa sababu bahari yote ya bara iko upande huo. Ukishavuka kuingia Sicilia bahari inahamia kushoto, lakini kufikia hapo utakuwa umeshazoeana na wenzako kiasi cha kubadilishana viti.

Kabla ya kupanda nilikunywa kahawa pale stesheni. Unalipa kwanza kwa keshia, unapewa risiti, unaipeleka kaunta, ndipo unamiminiwa. Watu wanakunywa wamesimama, mafunda mawili, wameondoka. Kikombe ni kidogo na kahawa ni kali, sawa kabisa na kahawa chungu ya dele kule kwetu, ila sisi kikombe kile tungekaa nacho barazani mpaka magharibi. Ukikaa kwenye meza bei inapanda. Mimi nilisimama.

Kiti changu kilikuwa katika vile vya watu wanne vinavyotazamana, na kijimeza katikati. Mbele yangu alikaa bibi wa miaka sabini na kitu, amevaa sweta jeusi, na mfuko mkubwa wa nguo ambao hakukubali kabisa uwekwe juu. Kando yake kijana aliyekatwa nywele za kijeshi, anakwenda likizo kwao kusini. Kando yangu hakuna mtu. Tulisalimiana, kisha kimya mpaka Formia. Nikaanza kuogopa kwamba nitakaa saa zote hizo nikitazama simu.

Baada ya Napoli bibi akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kenya, Malindi. Malindi aliijua! Jirani yake alikwenda huko akarudi na kinyago cha twiga. Kisha akaniuliza, "Sola?" Peke yako? Nikasema ndiyo. "Sola sola?" Wao nao wana desturi hiyo ya kurudia neno ili kulikaza. Kwao polepole ni "piano piano", na utalisikia kutwa. Nikamwambia ndiyo, peke yangu kabisa. Akanitazama, akauliza kama mamangu anajua.

Hapo ndipo safari yangu ilipoanza kwa kweli. Nimesoma kumbukumbu kadhaa za watu waliosafiri peke yao Italia, na nyingi zinajaza kurasa kwa magofu, makanisa na divai, wenyeji wakipita pembeni kama mapambo. Mimi magofu ya Roma niliyaona, ni makubwa na yanastahili sifa zake. Lakini niliyemwendea ni mtu, na mtu nilimpata ndani ya behewa, mchana kutwa, akiwa hana pa kwenda na mimi sina pa kwenda.

Baada ya Salerno bibi alifungua ule mfuko. Akatoa taulo ndogo, akaitandika juu ya kijimeza, akainyoosha kwa kiganja. Juu yake akaweka mkate uliokatwa, mayai ya kuchemsha, na chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kijani. Ndani mlikuwa na biringani zilizopangwa tabaka kwa tabaka na nyanya na jibini, zimepoa na kushikana vizuri. Halafu, kabla hajatia kitu mdomoni, akatutazama sote wawili akasema: "Volete favorire?"

Neno hilo sikuwahi kulisikia hotelini. Mgeni aliyelipia chakula chake hana haja ya kulisema. Lakini nilivyomsikia anavyolisema nilielewa papo hapo, kwa sababu ni neno letu: karibuni chakula. Na adabu yake ni ile ile. Yule mwanajeshi alijibu ahsante, kula kwa amani. Bibi akasisitiza. Kijana akakataa tena, kwa unyonge zaidi. Mara ya tatu mkate ulikuwa umeshafika mkononi mwake. Nami nikafanya vivyo hivyo, nikakataa mara mbili kama nilivyofunzwa nyumbani, mara ya tatu nikala. Sijui kama nitaweza kumweleza mtu furaha niliyoihisi. Umesafiri maelfu ya kilomita, huna jamaa wala mwenyeji, na unakuta unajua la kufanya.

Nami sikutaka kula cha mtu bure. Nilikuwa na mabuyu kwenye begi, pakiti tatu nilizobeba kwa ajili ya kuwakumbuka nyumbani. Nikamwonyesha: weka mdomoni, nyonya, kokwa usitafune. Alinyonya kwa makini, amefumba macho, kama anayeonja dawa. Alipofumbua alikuwa na ulimi mwekundu hadi kwenye meno, na mwanajeshi akacheka mpaka akakohoa. Akaomba la pili.

Kuanzia Sapri kwenda chini reli inaikumbatia bahari. Unaona maji ya buluu sana, unaingia handaki, unatoka, maji tena, handaki tena, kwa muda mrefu. Bibi hakuwa na habari na bahari. Alikuwa akinisimulia Giufà, mjinga wa hadithi za Sicilia. Mamake alikuwa akienda kanisani, akamwambia: ukitoka, uvute mlango. Giufà akaung'oa mlango kwenye bawaba zake, akauvuta barabarani mpaka kanisani, akamkabidhi mama. Nikamwambia sisi tuna Abunuwasi. Giufà mwenyewe alikuja kisiwani kwa mdomo wa Waarabu, ambao kwao anaitwa Juha, waliotawala Sicilia kwa zaidi ya miaka 200. Abunuwasi naye alitufikia pwani kwa njia hiyo hiyo ya Waarabu. Ila Abunuwasi wetu ni mjanja. Nikamsimulia ile ya sufuria iliyozaa na baadaye ikafa. Kitaliano changu cha hotelini kilinishinda katikati, nikaigiza kwa mikono, na mwanajeshi akawa ananiokolea maneno. Sijawahi kusimulia hadithi ya nyanyangu kwa watu wanaoisubiri namna ile.

Sasa la uchungu, ambalo nisipolisema nitakuwa nimedanganya. Tulipokaribia Rosarno mkaguzi alipita. Bibi alionyesha tiketi, mwanajeshi akaonyesha tiketi, mimi nikaonyesha tiketi. Kwangu akaongeza: pasipoti. Nikampa. Akaitazama mbele na nyuma, akatazama viza, akauliza nitakaa wapi, kwa nani, mpaka lini. Mikono yangu ilianza kutetemeka ingawa sikuwa na kosa. Bibi akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, akamwambia yule mtu, bila kupaza sauti: "La signorina è con me." Huyu binti yuko na mimi. Mkaguzi akarudisha pasipoti akaenda zake. Rosarno wakapanda vijana wawili Waafrika, wana mabegi ya mgongoni na viatu vya shamba. Mji ule uko katikati ya mashamba ya machungwa, na wachumaji wake wengi ni watoto wa Afrika. Januari 2010 waliandamana baada ya wenzao kupigwa risasi za bunduki ya hewa, kukawa na vurugu kubwa, wakahamishwa kwa mabasi. Vijana walisimama mlangoni ingawa viti vilikuwepo. Niliwasalimia kwa kichwa. Mmoja akanijibu kwa mkono kifuani. Mimi nilikuwa na bibi wa kunisemea na wao hawakuwa naye, na jambo hilo sikuliacha ndani ya treni. Nimekuja nalo mpaka nyumbani. Ewe mwenzangu mweusi unayepanga kwenda, beba pasipoti mwilini, chapisha nafasi uliyohifadhi ya kulala, na ujue inaweza kukutokea.

Villa San Giovanni, bandari ya mwisho wa bara, treni ilisimama na kugawanywa. Unasikia kishindo, mnyororo, kimya, kisha mnasukumwa taratibu mno, na mwanga wa dirishani unageuka kuwa giza la chuma. Tayari mko ndani ya tumbo la meli, behewa lenu limefungwa juu ya reli za sakafuni, na ukitazama dirishani ni ukuta uliopakwa rangi nyeupe na mabomba. AC ikazimika. Bibi akasema tupande juu. Ngazi ni za chuma na nyembamba, akanishika mkono, piano piano, hatua kwa hatua, nikamsikia magoti.

Mimi nimezoea feri ya Likoni, ambapo unavuka umebanwa na mikokoteni na macho yako mbele. Huku juu palikuwa na upepo, nafasi, na kaunta inayouza arancini, kachori kubwa ya wali iliyojazwa nyama na kukaangwa mpaka ikawa rangi ya chungwa. Bibi alininunulia moja akanikataza kutoa pesa. Catania, kwao, inaitwa arancino, kiume. Palermo wanaiita arancina, kike, na watu wazima wanaweza kugombana kwa hilo. Mlango wa bahari pale ni mwembamba, panapobana ni kama kilomita tatu, unaona nyumba za ng'ambo waziwazi. Kwa miongo mingi kumekuwa na mipango ya daraja. Nilimuuliza bibi kama analitaka. Akasema akiwa kijana alivuka hapa na marehemu mumewe wakienda kutafuta kazi kaskazini, na kila akirudi anataka kusimama hapa aione Madonna kwanza. Ni sanamu ya Bikira Maria iliyopakwa dhahabu, juu ya nguzo ndefu mlangoni mwa bandari ya Messina, mkono umeinuliwa kubariki. Alipoiona akajifanyia ishara ya msalaba, midomo ikicheza. Nami nikanyamaza, nikaomba dua yangu.

Yaliyopunguza nyota ni haya: choo kimoja cha behewa letu kilifungwa njia nzima, toroli ya vinywaji ilipita mara moja tu kutwa, joto ndani ya meli lilikuwa la kuchemsha, na tulifika tumechelewa dakika 70 bila maelezo yoyote ya kueleweka. Jumla ya shughuli ya kuvuka, pamoja na kugawanya treni na kuiunganisha tena, ilituchukua kama saa moja na nusu. Beba maji ya kutosha na karatasi zako za choo. Mizigo iwe ile unayoweza kuinyanyua mwenyewe, maana ngazi za behewa ziko juu. Usalama wa mwanamke peke yake mchana ule sikuutilia shaka hata dakika moja.

Catania ilipokaribia, mwanawe bibi alikuwa akipiga simu kila baada ya dakika tano, na kila simu alimgombeza. Alikunja taulo lake. Chombo cha kifuniko cha kijani kilikuwa kimebaki kipande cha biringani, akanisukumia: utakula usiku, Siracusa utafika maduka yamefungwa. Nikamwambia na chombo je? Akasema utanirudishia ukija tena. Akaandika anwani yake nyuma ya risiti ya arancini, akanibusu mashavu yote mawili, akateremka akiwa amemshika mwanawe begani.

Kweli maduka yalikuwa yamefungwa. Nilikula biringani ile kitandani kwa kijiko cha chai.

Chombo kiko jikoni kwetu Malindi, juu ya kabati. Mamangu amekataza kitumike kwa kitu kingine chochote. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na juzi nimemkuta amekijaza mabuyu, ananiuliza viza inachukua siku ngapi.