Maktaba ya picha ya NASA: acha za kuforwadiwa, kachukue yenyewe

Wengi wetu picha za anga za mbali tunazijua za kuforwadiwa tu, zimeshapita kwenye magrupu kibao, zimekatwa pembeni, zimeandikwa Asubuhi Njema juu, halafu tunashangaa mbona hazitugusi. Mimi nasema picha hazina shida, shida ni nakala. Ingia images.nasa.gov uchukue yenyewe ndio uje tuongee.

Hii ni maktaba ya shirika la anga la Marekani, waliifungua 2017 wakakusanya sehemu moja picha, video na sauti zilizokuwa zimetawanyika kwenye saiti zao nyingi. Huombwi hela, huombwi kujisajili, huombwi namba ya simu. Unatafuta, unachagua saizi, unapakua, basi. Na nyingi hazina hakimiliki kwa hiyo unaprinti unavyotaka, unafundishia, unaweka kwenye kitabu chako, ila nembo yao usiitumie na usijifanye wamekudhamini, na maelezo uyasome kwanza maana zipo chache zenye mmiliki mwingine.

Haya, kwenye kutafutia andika AS17-148-22727. Hiyo ndio Blue Marble, picha ya dunia iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 wakielekea mwezini, tarehe 7 Desemba 1972, wako kama kilomita 29,000 kutoka duniani, masaa matano hivi tangu waruke, jua liko nyuma yao kwa hiyo dunia imeangazwa karibu yote. Na upande uliowageukia ni wetu jamani! Afrika karibu yote iko pale, juu yake Rasi ya Arabuni, chini barafu ya Antaktika. Fungua ile saizi kubwa kabisa, anza Pembe ya Afrika ushuke taratibu na pwani kati ya mawingu mpaka Msumbiji, vuka maji hapo Madagaska. Kwenye ramani za shuleni nyingi Afrika inachorwa ndogo kuliko ilivyo, hapa hakuna aliyechora, ni lenzi na filamu tu, na ukubwa wake unauona mwenyewe. Kitu kingine, kwenye filamu yenyewe kusini ndio iko juu, ile tuliyoizoea imegeuzwa ili ifanane na ramani. Mimi ningemwonesha mtoto zote mbili halafu nimwache aulize maswali yake.

Ya pili AS08-14-2383, Earthrise, yaani dunia ikichomoza, tarehe 24 Desemba 1968. Wanaanga watatu wa Apollo 8 wanauzunguka mwezi, mojawapo ya kazi walizotumwa ni kupiga picha mashimo ya mwezi, mara dunia ikachomoza dirishani. Filamu iliyokuwemo kwenye kamera ni ya nyeusi na nyeupe, ikapigwa moja hivyo hivyo, mmoja wao Bill Anders akaanza kuomba filamu ya rangi haraka haraka, mwenzake Jim Lovell akamtafutia akampa, Anders akapiga. Sauti zao zilirekodiwa na zipo mpaka leo. Anders alifariki 2024 ila picha yake ilishabebwa na watu wa mazingira dunia nzima tangu miaka ile, na mimi kinachonipa moyo zaidi ni ile haraka yao, yaani haikuwa kwenye ratiba, angesema ngoja tumalize mashimo kwanza leo tusingekuwa nayo.

Sasa hii ndio itakuonesha kwa nini forwadi haifai. Tafuta PIA23645, ni Pale Blue Dot, yaani nukta ya buluu iliyofifia, nakala iliyosafishwa upya 2020. Voyager 1, chombo cha anga kisicho na watu, iliipiga tarehe 14 Februari 1990 ikiwa kama kilomita bilioni 6 kutoka hapa, wazo la mwanasayansi wa anga Carl Sagan, na nusu saa na kidogo baadaye kamera zake zikazimwa moja kwa moja kuokoa umeme. Dunia kwenye ile picha haifiki hata pikseli moja, yaani kile kinukta kidogo kabisa kinachounda picha. Haifiki moja! Kwa hiyo ikibanwa mara mbili tatu na WhatsApp ile nukta inaweza kupotea kabisa, watu wanabaki kutumiana giza na mistari ya mwanga wakati wao wenyewe hawamo ndani, na picha yote ilipigwa ili tujione. Hii pakua saizi kubwa, usibanie bando.

Ya mwanaanga Bruce McCandless wa 1984 nayo nzuri, anaelea nje ya chombo bila kamba ya kumshika, kioo cha kofia kimemfunika uso hivyo yeyote anaweza kujiona ndiye yule pale.

Mapungufu yapo. Maelezo karibu yote ni Kiingereza, kwa mwalimu wa msingi anayefundisha kwa Kiswahili hiyo ni kazi ya ziada ya kutafsiri, na faili nyingine ni nzito sana kwa simu ndogo. Ukitafuta kwa jina la jumla yanakuja matokeo kibao yasiyohusiana, ndio maana nimewapa namba. Lakini huduma ya bure yenye vitu vya namna hii mimi naipa nyota tano bila kusita.

Ukitaka kuona sehemu unayoijua, hapo nenda eol.jsc.nasa.gov, ya kituo chao cha NASA kule Houston, zimo picha za dunia zilizopigwa na wanaanga wenyewe na unatafuta kwa jina la mahali. Andika Kilimanjaro, chukua ya zamani na ya karibuni, uwawekee wanafunzi pamoja wapime wenyewe barafu ya Kibo imepungua kiasi gani.